Saba Iliyopinda Mguu

Wale wazee wa picha za ndege wana wazimu wao, na kwa kawaida hauna madhara. Kila Jumamosi asubuhi hukusanyika chumba cha nyuma kwa Mwalimu, mstaafu mwenye lenzi kubwa ya kukuzia na sauti ya kuamrisha, wakamwaga mezani picha za zamani za ndege za vita. Kazi yao ni kufuatilia: hii iliruka mwaka gani, ile ilianguka wapi. Wanaweza kubishana saa nzima kuhusu kiraka cha bati kwenye bawa, lakini namba ya mkiani ikisomeka, basi, hakuna wa kufungua mdomo tena. Namba ndiyo mungu wao.

Mmoja wao wanamwita Brashi, kwa kuwa maisha yake yote amekuwa mpaka rangi. Ujanani kwenye banda la ndege za jeshi, baadaye vibao vya maduka. Mjane, mcheshi, hana makuu. Wiki yake nzima ilikuwa ni kuingoja Jumamosi.

Jumamosi hiyo Mwalimu alikuwa amemwita Mshonaji, mwanamke wa makamo ambaye tangu mwaka jana aliwasumbua kwa swali moja tu. Kaka yake alikuwa rubani wa ndege namba 417. Jeshi liliwaambia ilizama ziwani, miaka arobaini na moja sasa, na mwili haukuonekana. Mama yao aligoma kulia. Hata jina la mwanawe alikataa lisiandikwe popote pale penye majina ya marehemu. "Sijaona mwili," alikuwa akisema, na hapo ndipo mazungumzo yalipoishia kila mwaka.

"Kaa chini kwanza," Mwalimu akamwambia Mshonaji, akamsogezea picha. Ndege ilikuwa imesimama juani, safi, 417 imeandikwa mkiani. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na muhuri wa studio na tarehe. "Soma mwenyewe. Siku tisa baada ya hiyo ajali yao. Ndege iliyozama inasimamaje juani?"

Mshonaji akasoma, akarudia, akaangua kilio na kicheko kwa pamoja. "Mama alisema! Miaka yote nambana, mama kubali, mama kubali. Kumbe mjinga ni mimi!"

Wazee wakapiga makofi. Kama ndege haikuanguka, rubani naye hakufa. Alitoroka, au alifichwa. Mshonaji akakumbuka kuna mtu aliwahi kusema amemwona ng'ambo ya mpaka. "Ijumaa nampeleka mama," akasema. "Daktari amekataza asisafiri, moyo wake mbovu. Lakini nani atamzuia sasa?"

Lenzi na picha vikazunguka, vikamfikia Brashi. Akainama. Ile nne ilikuwa sawa, moja sawa. Saba ilikuwa imepinda mguu kuelekea ndani, kama alivyozoea kuiandika tangu shuleni.

Mkono wako hauusahau, hata ufiche vipi. Namba zilipigwa kwa mabati yaliyotobolewa umbo la namba, na siku ile bati la saba halikuonekana, akaipaka kwa mkono. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuhesabu ndege, na mkuu wa kikosi alitaka zote kumi na mbili ziwe uwanjani. Wakaburuta mbovu moja, haina hata injini, akaambiwa iwe 417. Rangi ilipokauka akaapishwa asiseme. Na wiki moja kabla ya hapo, yeye na wenzake wawili walikuwa wamebeba maiti ya rubani mwenyewe kwenye turubai, kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Ziwa gani? Hakukuwa na ziwa lolote; lilitungwa ili ndugu wasidai mwili.

"Mbona kimya, Brashi?" Mwalimu akauliza.

"Macho tu, Mwalimu. Macho yamezeeka."

Muongo mkubwa! Akapokea chai yake, akanywa, akacheka pale wenzake walipocheka.

Jumapili akajiambia alikula kiapo. Kiapo kwa nani, jamani? Mkuu wa kikosi alishaoza zamani. Jumatatu akajiambia si vizuri kumvunja moyo bibi kizee. Jumanne na Jumatano akajifanya mgonjwa. Ukweli aliujua: aliogopa wenzake wakijua aliyewatapeli ni yeye, hatakuwa tena na Jumamosi. Kwa hilo tu alikuwa tayari kumwacha ajuza wa watu akafie safarini.

Alhamisi mchana simu ikalia. Mshonaji. "Shikamoo baba. Nakusumbua kidogo. Mama ananituma nimshonee kaka shati la kwenda nalo. Nimemwambia wewe ni rika moja na kaka. Anauliza, mtu wa umri wenu siku hizi shingo inakuwa inchi ngapi?"

Brashi akasimama, simu bado sikioni. "Nakuja," akasema.

Alimkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda, begi limefungwa, viatu ameshavaa siku moja kabla. Mshonaji alisimama mlangoni na futi ya kupimia imening'inia shingoni. Brashi akapiga magoti sakafuni, akasema yote bila kupumzika: saba, bati, wakaguzi, turubai. Mshonaji akamrukia, akampiga makofi ya mgongo huku analia, "Jumamosi ulikuwepo! Ulikuwepo, ukanyamaza!" Naye hakujikinga.

Mama hakulia. "Aliungua?" akauliza.

"Kidogo, mama. Uso haukuungua."

"Mlimweka wapi?"

"Nyuma ya banda la ndege, chini ya ukuta. Tulichimba sisi wenyewe."

Ajuza akainama, akavua viatu, kimoja kimoja, akaviweka chini ya kitanda. "Kesho safari ipo," akasema. "Nipelekeni huko. Na wewe, mwanangu, njoo na rangi."

Uwanja ule wa ndege siku hizi ni kiwanja cha magari mabovu. Mlinzi aliwaruhusu alipomwona bibi mwenyewe. Mwalimu alikuja pia, hakumsalimia Brashi. Mshonaji akamwekea mama kiti cha plastiki mbele ya ukuta, juu ya nyasi zilizoota hovyo. Brashi akafungua kopo la rangi nyeupe. Hakuja na bati lolote. Akaanza ukutani herufi ya kwanza ya jina la rubani, na mkono, uliopaka vibao vya mji mzima, ukaharakisha hadi rangi ikachuruzika.

Akaifuta upesi kwa kiganja, akaanza upya, upesi tena.

"Polepole," mama akasema nyuma yake. "Leo hakuna anayekuja kukagua."