Kamba Isiyojibiwa

Inspekta wa shule anakuja Jumatatu, na mume wangu haoni. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na msiniulize kwa nini hatukusema mapema. Moniteur, yaani mwalimu wa shule kama yeye, asiyeona anaachishwa kazi, na nyumba ya matofali tuliyokaa ilikuwa ya shule. Kazi ikienda, nyumba inaenda. Najua mtaniambia mficha maradhi kilio humfichua. Semeni tu. Hamkuwepo.

Valère ni Mgenia, mtoto wa maporomoko, kama mimi. Alikulia juu ya miti ile tunayoisimika katikati ya maji makali ili kutundika vikapu vya samaki, na vile visubi vyeusi vya mtoni vilimuuma toka utoto mpaka macho yakaanza kuingia ukungu. Mwaka ule wa 1956 alikuwa anatofautisha mwanga na giza, basi. Umeme ukipiga, aliuona. Uso wangu hakuuona.

Vitabu vyenyewe alikuwa navyo kichwani. Mimi nilisoma kidogo kwa masista, kwa hiyo wiki nzima nilimsomea somo la marudio huku natwanga sombe, majani yetu ya mihogo: nguvu, uzito, mawimbi, sauti, nyota, mvua. Nikachoka, nikamfokea.

"Nyota itanipa faida gani, miye? Itapika?"

"Soma tu, mama. Inspekta ataniuliza yote."

"Eti mwanga wa nyota unaweza kufika leo, kumbe nyota yenyewe ilishazimika. Haya ni mambo ya kufundisha watoto?"

Akacheka. Mimi sikucheka. 

Alichokipenda zaidi ni radi. Mwanga, akaniambia, unafika papo hapo. Sauti inakuja nyuma, inatembea. Ukiona umeme, anza kuhesabu. Ukihesabu sana, radi iko mbali. Ukihesabu kidogo, iko karibu.

"Na vikija pamoja?"

"Vikija pamoja, Philomène, imeanguka pale pale ulipo."

Shida basi haikuwa somo. Shida ilikuwa mikono ya watoto. Moniteur anauliza, watoto wanainua mikono, yeye anachagua. Mtu asiyeona atachagua nini? Hapo ndipo nilipokumbuka kekele.

Kekele ni kamba ya msituni, ile tunayofungia miti yetu mtoni. Kule maporomokoni maji yananguruma, hata upige kelele namna gani mwenzako hasikii. Kwa hiyo anayeshuka majini anafungwa kekele kiunoni, mwenzake anashika ncha huku juu, na wanazungumza kwa kuvuta. Na kuna sheria moja ambayo mtoto wa kwetu anaijua kabla hajajua kuogelea: ukivutiwa kamba, unajibu. Aliyevuta akakosa jibu anajua mwenzake anakufa, na anaruka bila kuuliza mtu.

Tukachukua kekele nyembamba. Ncha moja nikaifunga kwenye mkono wake wa kushoto, kamba ikashuka nyuma ya meza, ikafuata ukuta, ikatokea nje kwenye tundu la kutolea maji ya kudekia. Nje, chini ya ukingo wa bati, niliketi mimi na beseni langu la mihogo, nachungulia kwenye matofali yenye matundu. Nikivuta mara moja, mkono uko upande wa dirisha. Mara mbili, katikati. Mara tatu, upande wa mlango. Watoto walijua? Eh, watoto wanajua kila kitu. Hakuna hata mmoja aliyesema.

Jumatatu Inspekta akafika, mzungu mwembamba mwenye kalamu ya wino, akaketi karibu na dirisha. Valère akaanza na nguvu: maji yanasukuma kikapu cha samaki, kikapu kinavuta mti, basi mti unasimama kwa nini? Nikavuta, akanyoosha kidole, mtoto akajibu. Akaingia kwenye mawimbi. Nikavuta, akanyoosha. Alipofika kwenye nyota sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, mpaka nikajidanganya. Tumepita, nikasema. Mungu wangu, tumepita!

Ndipo mvua ikaja, ile ya Kisangani isiyobisha hodi. Maji yakamrukia Inspekta pale dirishani. Akabeba kiti chake, akaenda kuketi mbele, kando ya ukuta, pale pale penye tundu. Kiatu chake kikatua ubavuni mwa kekele. Nikivuta tu, kamba itamsugua mguu.

"Bon," Valère akasema, na furaha yake, maskini, maana mvua imemletea mfano. "Umeme na radi. Nani ataniambia sababu gani tunaona kwanza, tunasikia nyuma?"

Mikono ikainuka. Mimi nikashika kamba bila kuivuta. Nikajiambia, atangoja kidogo, huyu mzungu atasogeza mguu. Sogeza mguu, wewe! Sogeza!

Mbingu ikapasuka. Mwanga na mshindo vilikuja pamoja. Mchikichi ulioko nyuma ya jiko langu, hapo ubavuni mwa shule, ukachanika katikati, na mimi nikaangusha beseni.

Nikamwona Valère kupitia matundu. Ule mwanga aliuona. Ule mshindo aliusikia. Hakuwa na kitu cha kuhesabu. Uso wake ukabadilika, akavuta kekele.

Mkono wangu ulitaka kujibu. Mama yangu, ulitaka! Toka utoto mkono huu haujawahi kuacha kamba bila jibu. Lakini kiatu kilikuwa pale, na kazi ya mume wangu, na nyumba yetu. Nikaukaza. Ngoja, Valère. Ngoja kidogo tu.

Akavuta tena, kwa nguvu zake zote. Inspekta akaangalia chini.

"Philomène!"

Valère akaruka. Akajigonga na meza, akakiangusha kiti cha Inspekta na Inspekta mwenyewe, akaangukia dawati la watoto, akainuka, akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango upande usio na mlango. Mwanafunzi mmoja, Wenceslas, akamshika shati.

"Mwalimu, mulango iko huku! Huku!"

Tukakutana kwenye mvua. Akanishika kichwa, mabega, mikono.

"Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Alors, sababu gani haukujibu? Philomène, sababu gani haukujibu?"

Hasira na machozi vikanipanda pamoja. "Muguu ya Inspekta ilikuwa pale kwa kamba, mujinga wewe! Nilikuwa nachunga kazi yako!"

Akaniachia mikono. Nyuma yake darasa zima lilikuwa kimya, na sasa alikisikia kimya hicho. Inspekta alisimama mlangoni, shati limechafuka wino, anaangalia kekele inayoburuzika kwenye matope kutoka mkononi mwa mume wangu.

"Imekwisha?" Valère akaniuliza.

"Imekwisha, papa."

Akapangusa uso. "Bon. Lakini somo haijaisha. Unipeleke."

Nikamfungua ile kekele. Nikamshika mkono mbele ya wote, mbele ya yule mzungu, nikampitisha katikati ya madawati mpaka ubaoni. Akarudia swali lake: sababu gani tunaona kwanza, tunasikia nyuma? Mikono yote ikainuka. Nikawa nawataja majina kwa sauti yangu mwenyewe, mmoja mmoja, nalia na kutaja. Inspekta alikuwa ameshafunga kalamu yake, anangoja mvua ipungue aende kwenye motokaa.