Wanaokula Mwisho

Chapati zilikuwa kumi na nne, kama siku zote. Baba mkwe alikula nne huku akiyalalamikia meno yake, maana miaka themanini na mitatu si mchezo. Raghuvir na kaka yake wakala nne nne. Zikabaki mbili. Kalindi, mke wa Raghuvir, mwenye mimba ya miezi saba, akazifunika kwa kitambaa akasubiri.

Kisha waliingia marehemu. Mama mkwe, aliyeuawa na kikohozi cha moshi wa jiko lile lile, alikaa kwenye kigoda chake akala chapati moja na nusu. Nusu iliyobaki akaila Sumitra, mke wa kaka mtu, aliyefia uzazini. Mdogo hali kabla ya mkubwa, na kufa hakumpunguzii mtu ukubwa. Kalindi akakomba sufuria ya dengu kwa kidole.

Nesi alikuwa amemfunua kope akaona weupe mtupu. "Damu huna, binti. Usipokula, kujifungua hutakuweza."

Baba mkwe hasemeshwi na mke wa mwanawe, kwa hiyo Kalindi alimtuma mumewe amwombee unga zaidi. Raghuvir akaenda uani, akarudi na jibu.

"Baba anasema unga hupimwa kwa walio hai. Hao wengine mtajuana wenyewe, wanawake kwa wanawake."

"Kwani mimi siko hai?"

"Sasa hasira za nini? Mama alikula mwisho miaka arobaini, wala hakulalamika."

Mama mwenyewe, pale kigodani, alikohoa.

Kesho yake Kalindi alijikaza. "Dada Sumitra, leo niachie, japo kipande."

Sumitra aliona haya hata akainamisha uso. "Nilikufa na njaa, mdogo wangu. Nilidhani itabaki na mwili."

Kalindi alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akapona, yeye hakupona. Siku ya kumi na tatu, matanga yalipokwisha, aliingia jikoni saa ya chakula akakaa nyuma ya Sumitra, na hakuna aliyeuliza. Mavuno yalipopita, Raghuvir akaoa tena. Bibi harusi aliitwa Ramrati, mchangamfu, mwenye mashavu.

"Karibu, dada," Ramrati alisema, akimsogezea kipande cha mwisho alichokibakiza Sumitra. "Wewe ndiye mkubwa."

Kalindi alikuwa ameapa kwamba hatakigusa. Alimtazama msichana yule, akamwonea huruma ya kweli, ya dada kwa mdogo wake. Kisha akanyoosha mkono, akala.