Ekseli Aliyoichagua Mzee Odera

Yadi ya Mungai ilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kukanyaga. Milango isiyo na magari, magari yasiyo na milango, na katikati ya matope ya mvua za Mei, ekseli za nyuma zimelazwa chini kama ng'ombe waliochoka. Lynette Odera alisimama kando amekumbatia mkoba wake, akimtazama baba yake akishuka polepole kutoka kwenye pikapu ya fundi Shitanda. Hakumsaidia. Angethubutu kumshika mkono mbele ya watu, mzee angemnunia hadi Krismasi.

Kilichowaleta ni Landrova ya Lynette. Yeye ni daktari wa mifugo, kazi yake iko bonde la Kerio, kwenye mbuzi wa watu, na gari hilo kuukuu ndilo pekee alilo nalo la kumfikisha huko. Wiki iliyotangulia difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ilivunjika meno, matairi yakashika ghafla, na gari likazunguka likaingia kwenye ua wa mtu. Bahati yake, alikuwa Kiplombe, mahali tambarare. Ingekuwa kwenye kona za Tambach, ambako barabara inaning'inia juu ya bonde, watu wangekuwa wanapanga mazishi. Jumatatu alitakiwa kuteremka huko tena. Ekseli ambayo ingetoka kwa Mungai siku hiyo ndiyo ingebeba uhai wake.

Na Eldoret nzima ilijua mtu wa kuchagua ekseli ni Mzee Lazarus Odera. Alikuja mjini akiwa kijana kutoka upande wa ziwa, akafanya ufundi mpaka akazeeka, akajenga nyumba mtaa wa Pioneer, na hata alipostaafu watu waliendelea kumfuata nyumbani kama wanavyomfuata pasta aje kuombea nyumba mpya. Hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa akifunguliwa nati ya difu, akachovya vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye oili ya zamani, akasugua kwa kidole gumba, akafumba macho. Oili ikiwa laini, meno ya ndani ni mazima. Ikiwa na chembe, meno yanasagana, na siku moja yatavunjika. Akishasema, hakuna aliyerudia kupima nyuma yake. Kurudia kungekuwa kumwita mzee mwongo, na fundi mwenye uso mkavu kiasi hicho hakuwa amezaliwa.

Tatizo ni kwamba mwezi wa pili mzee alipata kiharusi. Alitoka hospitalini na mdomo ulioinama kidogo, na mkono wa kulia uliokuwa ukisogea vizuri kabisa. Aliutumia kusalimia kanisani, akiwaminya watu vidole mpaka wacheke, ili wajue amepona. Ni Lynette tu aliyejua. Jioni moja alimkuta ameshika kikombe cha chai ya moto kwa mkono huo, anasikiliza redio, na kiganja kimeshatoka malengelenge. Alipomfunga bandeji, mzee alisema ameumwa na mdudu. Lynette akakubali, akasema kweli, wadudu wamezidi. Mkono ulisogea, lakini ulikuwa hausikii kitu.

Na wa kushoto je? Wa kushoto mzee hakuuhesabu. Kwake huo ni mkono usiosalimia, usiokula, usiompa mtu kitu wala kupokea. Ulikuwepo tu, kama mgeni aliyepitiliza siku zake.

Mungai, mwenye yadi, alisema kweli yake. Ekseli za kuingia kwenye Landrova hiyo zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye gari la misheni lililotembea Jumapili pekee, nyingine kwenye gari la kubeba maziwa kule Burnt Forest, nayo ilikuwa na kutu na matope ya huko yamekaukia juu yake. Ya ndani hakuyajua. Alisema mzee ndiye atakayeamua, akasogea pembeni kwa heshima. Mafundi wa yadi za jirani nao waliacha kazi wakaja kutazama, kwa kuwa wengi walikuwa hawajamwona tangu augue.

Lynette alitamani kusema ngoja, nijaribu mimi. Aliujua ufundi huo. Alipokuwa mdogo, mzee alikuwa akimpaka oili vidoleni na kumuuliza anasikia nini, na akikosea wanacheka wote wawili. Lakini angesema hivyo sasa, macho yote yangemgeukia baba yake, na kila mtu angejua.

Shitanda akafungua nati. Mzee akachovya vidole vya kulia kwenye oili ya gari la maziwa, akasugua, akafumba macho. Akakunja uso, akapangusa vidole kwenye suruali. Kisha akaenda kwenye ile ya misheni, akafanya vilevile.

"Ile ya maziwa ina chembe," alisema. "Chukueni hii ya misheni. Iko safi."

Watu wakaitikia kwa vichwa, wengine wakamshika bega, wakamwambia mzee bado uko. Lynette aliinama kumpangusa mikono kwa kitambaa, na vidole vyake vikagusa oili ambayo baba yake ameisifu. Ilikuwa na chembe kama uji uliopikwa kwa unga usiochungwa. Akamtazama Shitanda. Shitanda alikuwa amefungua nati kwa mikono yake mwenyewe, oili ikampaka, na sasa alikuwa anachunguza viatu vyake. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi.

Hasira ilimpanda Lynette, kwa Shitanda, kwa watu wote waliokuwa wakicheka, na zaidi kwake yeye mwenyewe. Ekseli mbovu ikabebwa na wanaume wanne hadi kwenye pikapu, kwa furaha, kama wanambeba bwana harusi.

Njiani mzee alikuwa mchangamfu kuliko alivyokuwa kwa miezi. Alieleza kuhusu magari ya zamani, kuhusu wazungu waliong'ang'ania wakashindwa na tope la Burnt Forest. Tangu augue, mate humtoka pembeni mwa mdomo, naye huyafuta kwa kidole bila kujua. Alifuta kwa kidole kilichobaki na oili kwenye mikunjo, akaendelea na hadithi, akafuta tena. Kisha akaikatiza hadithi. Ulimi wake ulikuwa ukitafuta kitu kwenye meno. Akatema kwenye kiganja cha kushoto, akakiinua karibu na dirisha. Chembe za chuma zilimetameta pale kama magamba ya omena.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua, Baba."

"Na wewe, Shitanda?"

"Mzee, ningesema nini?" Shitanda hakutoa macho barabarani.

Mzee alikipangusa kiganja kwenye goti. "Lynette, ungeniacha nikuue, ndio nisiaibike."

Lynette aliona haya na huruma kwa pamoja, na machozi yakamtoka akaacha yatoke.

"Geuza gari," mzee akasema.

Waliporudi yadini hakushuka. Alibaki kwenye kiti, anatazama mbele, watu wakikusanyika na kuulizana kwa sauti ya chini. Lynette akaenda peke yake kwenye ekseli ya gari la maziwa. Shitanda akamfungulia nati. Akachovya, akasugua, akafumba macho kama alivyofunzwa. Oili ilikuwa laini. Akarudia, kwa sababu alitamani sana ziwepo chembe, ili mzee awe amepatia angalau jambo moja. Ilikuwa laini.

Akarudi kwenye pikapu akiwa na oili kwenye vidole. Mzee akateremsha kioo. Akatoa mkono wa kushoto, polepole, mbele ya watu wote, akaukunjua.

"Weka hapa."

Lynette akampaka oili vidoleni. Mzee akasugua, akafumba macho, akasugua tena, paji la uso limejaa jasho. Alipofungua macho yalikuwa ya mtu aliyepotea njia.

"Huu nao haujui kitu," alisema. "Sikuwahi kuufundisha." Akamtazama binti yake. "Wewe umesikia nini?"

"Laini, Baba."

"Basi ni laini," mzee akasema, akapandisha kioo.