Mji Niliopewa Mahakamani

Usiku wa jana niliota nimefilisika, na aliyenipa habari ni mlango wangu mwenyewe. Ulikohoa ukasema, "Bi Sikudhani, tumekwisha." Chanzo ni Zamda, jirani niliyemdhamini mkopo, akahama bila hata kuaga.

Nikatafuta wakili. Ofisi yake ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, nikaingia nimeinama. Wakili ni joho jeusi lililokaa kitini, ndani hamna mtu.

"Shikamoo, bibi," linasema.

"Marahaba. Nataka mahakama itangaze nimefilisika, wadai waniache nipumue."

"Una pesa za kunilipa?"

"Sina."

"Basi siwezi kukusaidia. Na ungekuwa nazo, ungekuwa hujafilisika."

"Mwanangu, hata mganga wa kienyeji huona haya kidogo!"

Joho halina uso, haya lingeonea wapi? Likasema tutazungumza ada baadaye.

Mara tuko mahakamani, na mahakama ni jiko langu. Hakimu ni mizani ya muuza sukari, imelalia upande wa wadai tangu asubuhi. Kitanda, mkeka na jogoo wamepanga foleni waitwe majina, wapigwe mnada. Mwisho kabisa kimesimama chuma changu cha vitumbua, kile cha matundu saba kilichonilelea watoto watano.

"Mama, unaniuza?" kinaniuliza.

Joho likainuka. "Mheshimiwa, hicho ni kifaa cha kazi. Kisheria hakiguswi."

Roho ikatulia. Nikanyoosha mkono nikichukue, karani akanichapa kiganja.

"Hakiguswi."

"Hata na mimi mwenyewe?"

"Sheria haikukutaja."

"Na kesho nitakaangia nini, unyayo?"

"Hilo ni swali jipya," joho likasema, "na ada mpya."

Hapo nikachemka. Shule niliishia darasa la saba, lakini sikufunzwa kuonewa.

"Kitendawili!" nikapiga kelele.

"Tega!" mahakama nzima ikaitika, hata mizani. Ukitegewa utafanyaje? Ndiyo adabu.

"Nyumba yangu ina vyumba saba, haina mlango. Wageni huingia weupe wakilia, hutoka kimya wamevaa kahawia."

Mizani ikapanda, ikashuka. Joho likapekua kitabu cha sheria. Chuma changu kilijua, kikanyamaza, mtoto mwema.

"Tumeshindwa," hakimu akasema.

"Nipeni mji."

Asiyejua hutoa mji, hilo halina rufaa. Hakimu akaikunja Tabora kama mkeka, akanikabidhi. Ilikuwa inachuruzika asali.

Joho likadaka ncha. "Hongera, bibi! Sasa una mali. Huo mji ni ada yangu."

"Ada ya nini, gunia wewe? Umesema neno gani la kunifaa?" Nikaunyang'anya mji, nikamtupia hakimu. "Wape wadai, deni la Zamda liishe. Mimi nataka jibu la kitendawili changu. Jibu ni la aliyetega, au hilo nalo mtalipiga mnada?"

"Ni la aliyetega," mizani ikakiri, na kwa mara ya kwanza ikakaa sawa. "Jibu ni lipi?"

"Lile pale, mwisho wa foleni."

Karani akanikabidhi chuma kwa mikono miwili. Nikakikumbatia na masizi yake.

Nikaamka kunapambazuka. Chuma kiko juu ya mafiga, pale pale nilipokiacha. Ila sisimizi wamepanga foleni toka mlangoni hadi tundu la saba, na ndani yake mna tone la asali.

Asali sijanunua tangu mwaka juzi.