Kikombe cha Tatu

Yeshimebet hakuwa mwoga, lakini asubuhi ile, kwenye benchi la hospitali mjini Dessie, aliuogopa mpira. Wiki sita zilizopita Daktari Sintayehu alikuwa amemwonyesha: mpira mwembamba wa mkojo, ambao angelazimika kumwingizia bintiye mara nne kwa siku iwapo dawa ingeshindwa. Kibofu cha Meklit hakikumwaga chote. Mlango wake ulijibana, mkojo ukabaki ndani, mwingine ukamtoka bila yeye kutaka, homa zikafuatana, na sasa figo zilikuwa hatarini. Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja kila usiku, cha kuulegeza mlango huo. "Na akishakojoa," daktari alisema, "angoje kidogo, ajaribu tena."

Kumwambia mtoto wa miaka minane angoje! Yeshimebet alibembeleza, akafoka, akaahidi peremende, wapi. Jibu alilipata siku alipokuwa akiwakaangia majirani kahawa. Nani huondoka baada ya kikombe cha kwanza? Huko ni kumtukana mwenye nyumba. Cha kwanza ni abol, cha pili tona, na cha tatu, bereka, ndicho chenye baraka.

"Hiyo ni abol tu," alimwambia bintiye mlangoni mwa choo. "Rudi ukae. Unataka kumtukana mwenye nyumba?"

"Mwenye nyumba nani?"

"Kibofu chako."

Meklit alicheka mpaka akakojoa tena. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi, na jirani yao Zenebech, asiye na haya, akawa anauliza kwa sauti kutoka upande wa pili wa ukuta: "Meklit wee, umefika tona?"

Leo ilikuwa siku ya kupima. Meklit alipelekwa chooni, akarudi, akalala kitandani. Daktari Sintayehu akampitishia mashine tumboni, akakunja uso.

"Zimebaki mililita tisini, mama. Kama mwanzo."

Wiki sita zote, vidonge vyote! Daktari alikwisha kuvuta droo yenye mipira.

"Lakini mama," Meklit akasema, "hiyo si ni abol? Muuguzi amenigongea mlango, eti nitoke, watu wanangoja."

"Abol gani tena chooni?" daktari akauliza.

Yeshimebet alieleza huku uso ukimwaka kwa aibu. Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe tumemfukuza mgeni kabla ya tona! Nenda, binti yangu. Asikuharakishe mtu."

Walingoja. Yeshimebet aliomba kwa Bikira Maria, akasahau maneno, akaanza upya. Meklit alirudi, akakaa, akaenda tena, kisha akapanda kitandani mwenyewe.

"Kumi na mbili," daktari akasema. Akapima mara ya pili. "Kumi na mbili tu! Dawa inafanya kazi, mama. Endeleeni nayo, mrudi baada ya miezi mitatu." Akaisukuma droo kwa goti, ikajifunga.

Getini Meklit akamvuta mama yake nguo. "Mama, ninunulie maji."

Mwaka mzima mtoto huyo alikwenda shule koo likiwa kavu, akikataa hata tone moja asije akajilowesha mbele ya wenzake. Sasa aliikamata chupa kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho bila kutafuta choo kilipo. Yeshimebet akakaa ukingoni mwa barabara, akalia, na hakujali nani anamtazama.