Cherehani ya Ghorofani

Tangu kiharusi kinipige upande wa kulia, cherehani yangu ilibaki ghorofani kwenye chumba changu cha ushonaji, mimi nikabaki chini kwa mdogo wangu, nanunanuna tu. Siku moja akanipasulia: amepata mnunuzi.

"Dada, zile ngazi huziwezi tena. Tuiuze, yaishe."

"Nikipanda kwa miguu yangu kabla hajailipia, haiuzwi!"

Akakubali haraka mno. Iliniuma hiyo.

Mama wa mazoezi hospitalini, ambaye wagonjwa tunamwita Kamanda, alinivalisha roboti ya miguu: mikanda kiunoni na mapajani, vyuma ubavuni, mota kwenye magoti. Ukianza kuinua mguu, yenyewe inamalizia. Mikanda ilinichubua, nikaishonea pamba ndani; fundi gani avae kitu kinachombana? Tatizo likawa moja. Kamanda akisema "Tembea!", miguu yangu inapiga pedali. Kisigino, vidole, kisigino, vidole. Roboti inatetemeka palepale, haijui iende wapi.

"Mama, hii si cherehani!"

"Na hapa si jeshini!"

Tulizozana hivyo mpaka miguu ikaelewa.

Siku ya mnunuzi, Kamanda alikuja nyumbani na roboti yake. Tukaanza ngazi, yeye nyuma kanishika mkanda, mdogo wangu mbele akirudi kinyumenyume. "Taratibu, dada, taratibu." Nikamwambia afunge mdomo. Kwenye kona pumzi ilinikatika, roho inadunda, nikamlaani aliyezijenga zile ngazi na ukoo wake wote. Kisha nikainua mguu tena.

Juu nikamkuta mnunuzi, aliyetangulia kuikagua cherehani, amekalia kiti changu!

"Inuka, bwana. Hicho kina mwenyewe."

Nikakaa. Kwa mazoea nikaweka miguu kwenye pedali, roboti nimesahau kuizima. Kisigino, vidole. Mota zikaitikia, mguu wa kulia ukashuka, ukapanda, na cherehani ikanguruma. Jamani! Nilipiga kigelegele peke yangu.

"Zima! Haikutengenezwa kwa kazi hiyo!" Kamanda alipiga kelele, huku anacheka mpaka kaegemea ukuta. Mdogo wangu alikuwa analia waziwazi, kanikumbatia shingo.

"Sasa mimi nifanyeje?" mnunuzi akauliza.

Nikamtazama miguuni. Pindo la suruali yake lilikuwa limefumuka, linaburuta.

"Nenda nyuma ya pazia, uivue hiyo," nikamwambia. "Umefika kwa fundi."