Ukuta wa Chumba cha Nyuma

Mama Pasi alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli kubwa, na kwa miaka ishirini na mbili hakuna shuka lililopanda ghorofani bila kupita mikononi mwake. Jina hilo alipewa na wenzake wa kazini, likamganda. Mume wake alikuwa fundi saa, mtu mpole wa maneno machache ambaye, ajabu ya Mungu, nje ya kibanda chake hakuwa na subira hata chembe.

Walikuwa wapangaji tangu waoane. Walishahama mara saba, na mara ya mwisho kabati la vyombo liliwaponyoka ngazini likavunjika vipande. Hapo ndipo Mama Pasi alipoapa kwamba safari ya nane itakuwa ya kwenda kwao wenyewe.

Nyumba waliipata kwa dalali ambaye mtaa mzima ulimwita Leoleo, kwa kuwa kwake hakukuwa na kesho. Ilikuwa na vyumba vitatu, sebule yenye madirisha mawili, na ua wa saruji uliofagiwa ukafagilika. Fundi saa alipoingia tu, akaanza kupanga moyoni pa kuweka meza yake. Mama Pasi alikwenda polepole. Alifungua mabomba yote, akavuta maji chooni, akafunga na kufungua kila mlango. Alipofika chumba cha nyuma, akasimama. Kuta tatu zilikuwa na rangi iliyochakaa. Wa nne uling'aa kama bibi harusi. Akaugusa kwa mgongo wa mkono, kama anavyogusa mashuka kazini, maana kuna nguo huonekana imekauka na kumbe ndani ingali mbichi. Ukuta ule ulikuwa na ubaridi ambao wenzake hawakuwa nao.

"Huu umepakwa lini?" aliuliza.

Leoleo akasema ni usafi tu, mama, nyumba ya kuuzwa lazima ipendeze. Kisha akatazama saa yake, akaeleza kwamba kuna wanunuzi wengine wawili, mmoja yuko njiani, na asiyeweka malipo ya awali leo asije akamlaumu mtu.

"Chema chajiuza," alisema Mama Pasi. "Sisi tutarudi siku ya mvua."

Njiani fundi saa hakutamka neno. Nyumbani akayatamka yote. Kwamba wamezunguka miezi minne mpaka soli zimeisha. Kwamba mke wake anatafuta nyumba iliyojengwa na malaika. Mama Pasi alimwacha amalize, akammiminia chai, akamwambia kwamba nyumba hajaikataa. Anachokataa ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Kesho yake alikwenda ofisi ya ardhi na nakala ya hati, akapanga foleni mpaka saa nane mchana. Karani akamthibitishia kwamba jina kwenye hati ndilo la muuzaji, na kwamba nyumba haijawekwa rehani wala haina kesi. Habari hiyo ilimfurahisha, na papo hapo ikamtia hofu. Sasa ilikuwa nyumba ya kweli, na angeweza kuikosa kweli.

Siku sita jua liliwaka kama limetumwa. Leoleo alipiga simu kila asubuhi. Wanunuzi wawili wakawa watatu, halafu wanne. Fundi saa akawa anatazama mawingu zaidi kuliko anavyotazama mishale ya saa. Siku ya saba, mchana, mvua ikashuka ya kumwagika ndoo kwa ndoo. Mama Pasi akaomba ruhusa kazini, akavua aproni, akatoka na mwavuli.

Mlango ulifunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe, muuguzi mstaafu. Walikuwa hawajawahi kuonana, kwa sababu Leoleo alihakikisha hawaonani. Mama Pasi alimwamkia, akaeleza kilichomleta bila kuzungusha maneno. Yule mama akamkaribisha ndani.

"Mwanangu, mimi nilimwambia awaeleze wanunuzi. Yeye akaleta ndoo ya rangi."

Wakavuta viti viwili, wakakaa kuutazama ukuta kama watu wanaosubiri mgonjwa azinduke. Nusu saa haikupita, doa likachomoza karibu na sakafu, likaanza kupanda. Mama Pasi akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, viatu vikizama kwenye matope, na pale akaona kwa macho yake: bomba la kuteremshia maji ya paa lilikuwa limekatika usawa wa kiuno, na mvua yote ya bati ilikuwa ikimwagikia ukutani.

Mwashi aliyemleta siku ya pili alibandua plasta, akachimba mpaka kwenye msingi, akasema msingi ni mzima, hauna ufa. Ugonjwa ni bomba.

Basi wakaenda kwa wakili, akaandika mkataba: muuzaji abadilishe bomba, achimbe mtaro, apige plasta upya, na malipo ya mwisho yafanyike baada ya mvua nyingine kupita na ukuta kubaki mkavu. Leoleo alilalamika kwamba mkataba wa kungoja mvua hajapata kuuona. Wakili akamwambia basi leo ameuona.

Mvua haikuja moja, zilikuja tatu. Safari hii fundi saa ndiye aliyekwenda kukagua, akakaa chumba cha nyuma peke yake alasiri nzima. Aliporudi, alisimama mlangoni.

"Ukuta mkavu kama unga," alisema. "Mimi ningetununulia ugonjwa."

"Ulitaka nyumba," mke wake akamjibu. "Hata mimi niliitaka."

Wakatia saini siku ya Alhamisi. Muuguzi mstaafu alimkabidhi Mama Pasi funguo mkononi, si kwa dalali, akamshika mabega akamwambia amefurahi kuiacha kwa mtu aliyeuliza. Mchana huohuo, kabla hata kiti kimoja hakijaletwa, Mama Pasi alifungua mlango mkubwa, akaingia mpaka katikati ya sebule tupu, akaweka mkoba chini. Halafu yeye, ambaye kazini hakuwahi kusikika akipaza sauti, akapiga kigelegele kirefu mpaka majirani wakachungulia, na fundi saa, aliyekuwa bado anafuta miguu kizingitini, akajikuta anapiga makofi.